Manyoya Kwenye Kamba

Mama Dobi alianika shuka la kwanza, akainama kwenye beseni kuchukua la pili, na aliponyanyuka la kwanza lilikuwa limeshakauka. Hakulifurahia. Dobi yeyote hupenda jua, lakini hili halikuwa jua. Jua lilikuwa bado nyuma ya paa la jirani, linapiga miayo. Aliyekausha shuka ni feni.

Feni hiyo ilikuwa imefungwa juu ya ukuta wa nyuma wa ua, na ukuta ulikuwa wa stoo ya kuku wa barafu. Ndani ya stoo kulikuwa na baridi ya kumfanya mtu avae koti. Kuku wa barafu walipangwa humo kwenye maboksi, wamelala chali, hawana kichwa wala miguu wala habari na mtu. Baridi yao ilitengenezwa na mashine, na joto ambalo mashine ililitoa mle ndani lilimwagwa nje kwa feni, moja kwa moja kwenye ua wa Mama Dobi, mchana kutwa na usiku kucha.

"Kitendawili," Mama Dobi alimwambia bintiye, aliyekuwa kibarazani anapiga pasi ya mkaa.

"Tega."

"Tumbo lake baridi, pumzi yake moto."

"Stoo ya jirani."

"Hujafikiri hata kidogo wewe!"

"Nifikirie nini, mama, na jibu linanipulizia usoni?"

Kuku wa Mama Dobi, wa kienyeji wote, walikuwa wamesimama hapa na pale uani, midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mbavu kama watu waliobeba ndoo mbili mbili. Walikuwa wakihema. Pumba za asubuhi walikuwa wamezidonoa kwa adabu tu, ili mwenye nyumba asijisikie vibaya. Jogoo, ambaye aliitwa Mjomba, hakuwika siku ile wala siku iliyotangulia. Alifungua mdomo wakati wa kuwika ulipofika, akaona ni kazi, akaufunga.

Basi kabla ya saa nne, kuku mmoja aitwaye Kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja kama nywele zilizosokotwa zikafumuliwa, alikwenda akasimama chini ya kamba ya nguo. Akainamisha kichwa. Akajivua manyoya kama mtoto anavyovua sweta, kuanzia mkiani kwenda kichwani. Yalikwama kidogo penye upanga wa kichwani, akajitikisa, yakatoka. Akayaacha hapo chini, akajinyoosha, akaenda kunywa maji.

Mama Dobi alitoa kibanio alichokuwa amekibana kwa midomo, akayaokota yale manyoya, akayakung'uta vumbi, akayaanika kati ya foronya mbili.

"Niletee uzi mwekundu," alimwambia bintiye.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake siku zote. Kila mteja alikuwa na uzi wake. Mwalimu alikuwa na uzi wa kijani kwenye kola, fundi magari uzi mweusi, na hivyo hivyo, hadi nguo za mtaa mzima zikajulikana bila kuandikwa jina. Mama Dobi akatia uzi mwekundu kwenye shingo ya vazi la Kidimu, akakata kwa meno, akaendelea na mashuka.

Kufika adhuhuri kuku wengine nao walikuwa wamevua. Walipanga foleni chini ya kamba bila kusukumana. Mjomba alikuwa wa mwisho, naye alivua yote isipokuwa mkia, kwa sababu ana heshima yake. Alitembea uani siku nzima akiwa uchi mbele na fahari nyuma, na hakuna aliyemcheka ila binti, naye alicheka akiwa amegeukia ukutani.

Jioni, upepo wa kawaida ulipopita kidogo, walirudi kwenye kamba. Mama Dobi aliwashushia mavazi yao mmoja mmoja, akitazama uzi. Wakavaa, wakaenda kulala.

Ikawa ndiyo desturi. Mama Dobi alijifunza kwamba manyoya hayataki sabuni ya unga. Yanataka sabuni ya kipande, maji ya uvuguvugu, na yasikamuliwe. Pasi hayataki kabisa. Mara moja tu kulitokea kasoro: mwalimu alipelekewa mashati yake na vazi la Kidimu limekunjwa katikati. Alilirudisha jioni ileile, akasema samahani, si la saizi yake.

Aliyebaki amevaa ni Shangazi.

Shangazi alikuwa kishingo. Kishingo ni kuku aliyezaliwa bila manyoya shingoni, na ukimwona mara ya kwanza utadhani kanyolewa na mtu mwenye hasira. Mama Dobi alimpenda kuliko wote na hakuficha. Vishingo hao waliingia katika ukoo wake pamoja na bibi yake, ndani ya tenga, siku bibi huyo alipoolewa. Mama yake aliwarithi, naye akawarithi. Kuku wa aina nyingine mtu humpata popote, hata kwa kubadilishana na ndoo ya zamani. Kishingo wa ukoo ule alikuwa amebaki mmoja. Dada zake Shangazi walikuwa wamekufa msimu wa joto uliopita, mchana kweupe, mmoja akiwa katikati ya kutembea.

Na Shangazi alikuwa anaatamia. Alikuwa amechagua mwenyewe mahali pake, kwenye beseni bovu chini ya jiwe la kufulia, mguuni pa ukuta wa nyuma. Wakati huo ukuta ulikuwa ukuta tu. Alipokwisha kutaga na kukaa, mafundi wakaja upande wa pili na ngazi, wakafunga feni juu ya kichwa chake.

"Tumhamishe," binti alisema.

"Ukimhamisha anayeatamia, atayasusa mayai."

"Basi na yeye avue kama wenzake."

"Akivua atayafunika na nini? Hayo mabawa ndiyo shuka la mayai."

Wakamtazama. Shangazi naye akawatazama kwa jicho moja, mdomo wazi, koo linampiga haraka haraka chini ya ngozi ya shingo. Mayai yale ndiyo yalikuwa ukoo mzima. Akiondoka yataharibika, asipoondoka ataharibika yeye, na hilo alionekana ameshalifikiria.

Bwana mifugo alipopita na mkoba wake, Mama Dobi alimkaribisha kigoda na maji ya kunywa. Aliwatazama kuku waliokuwa uchi, akamshika mmoja, akamgeuza, akamwangalia chini ya mabawa, akamwachia.

"Hawana ugonjwa, mama. Ni joto. Kuku hatoki jasho. Akizidiwa anahema, anatanua mabawa, anaacha kula. Akiacha kula, anaacha kutaga, au anakupa yai la ganda laini kama ngozi ya maziwa."

"Hayo nimeyaona."

"Wape maji ya baridi, uwabadilishie mara kwa mara. Chakula asubuhi na mapema na jioni, mchana waache. Kivuli kiwepo. Na hewa."

"Hewa ipo," binti alidakia. "Tabu ni inakotoka."

Bwana mifugo akaitazama kamba, mavazi yanapepea na nyuzi zake. "Na hili la kuvua, mmewafundisha ninyi?"

"Wameamua wenyewe."

"Wameamua vizuri. Linapunguza." Akachuchumaa mbele ya jiwe la kufulia. "Huyu kishingo alikuwa ameshaanza kuvua kabla hajazaliwa. Ndiyo maana bado yupo. Angekuwa mwingine hapa, ungekuwa umeshamzika." Akainua macho kwenye feni, na nywele zake zikalala nyuma. "Hiyo igeuzwe, mama. Bila hiyo kugeuzwa, mimi sina dawa."

"Utanisemea?"

"Nitakwenda sasa hivi."

Akaenda. Walimwona akiingia lango la stoo, akijipepea na kofia. Alikaa huko muda mrefu kuliko maneno yanavyohitaji. Alipotoka alikuwa amepoa, amefunga vifungo vya shati, na kwapani amebana boksi la kuku wa barafu. Aliwapungia mkono kwa mbali akashika njia yake.

"Amesemea," binti alisema.

"Ameonja baridi," alisema Mama Dobi.

Siku iliyofuata, aliporudi kutoka kupeleka nguo za fundi magari, Mama Dobi alikuta ua mtupu. Manyoya yalikuwa yote kwenye kamba, wenyewe hawapo. Shangazi tu ndiye alikuwa mahali pake. Mlango mdogo wa ua ulikuwa wazi, na nyayo zilielekea upande mmoja.

Alianua mavazi yote, akayapanga mkononi kama anayepeleka kwa mteja, akaenda.

Ndani ya stoo palikuwa na meza ndefu ya bati na mizani. Mpimaji alikuwa mwanamke mnene mpole, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Kuku wa Mama Dobi walikuwa wamekaa kwenye rafu ya kati, kati ya maboksi, midomo imefungwa kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Kila mmoja alikuwa amebandikwa karatasi ya uzito kifuani.

"Dada, hawa ni wangu," Mama Dobi alisema.

"Wameingia wenyewe, mama. Hawana manyoya, wamepita mlango wa mzigo. Mimi nikimshika kuku nikasikia ana baridi, na nikiona hana manyoya, napima."

"Hukuona wana vichwa?"

"Nimeona. Nikasema labda ni toleo jipya."

Mama Dobi hakubishana. Alitandaza mavazi juu ya meza, akaita mmoja mmoja. Uzi mwekundu, Kidimu. Uzi wa njano, yule mweupe mwenye kishungi. Uzi wa buluu, Mjomba, ambaye kwa ule mkia wake mpimaji alikuwa amempa boksi la peke yake. Kila vazi liliingia barabara kwa mwenyewe. Mpimaji alisaidia kubandua karatasi, akasema iwe polepole, ngozi isichubuke.

Hapo ndipo mwenye stoo alipotoka ofisini. Mtaani walimwita Bwana Baridi, na hakuchukia. Alikuwa mtu wa heshima, hapayuki, na mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto.

"Shikamoo mama. Nasikia jamaa zako walikuja kututembelea."

"Marahaba. Walifuata baridi yao."

"Baridi yao?"

"Si ndiyo waliyoilipia kwa joto? Baba, nina neno moja. Ile feni. Igeuze ielekee kwingine. Sisemi uizime. Nina kuku anaatamia, bado siku chache aangue. Akishaangua, irudishe kama unataka."

Bwana Baridi alifikiri kwelikweli. Mama Dobi aliona kwamba anafikiri, na baadaye hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Upande ule mwingine ni wateja wanaegesha magari. Nikiwapulizia joto hawatarudi. Mbele ni barabara, watu wanapita. Joto lazima liende mahali, mama yangu."

"Na mahali ni kwangu."

"Kwako kuna kamba za nguo. Nguo zinakauka. Nilidhani nakusaidia, kusema kweli."

"Kuku atakufa, baba."

"Basi mlete humu. Nitampa kona yake. Kwa mapenzi yangu tu, si biashara."

"Na mayai?"

"Mayai hapana. Humu yataganda."

Mpimaji aliyatazama mavazi yaliyokwisha valiwa na kuvuta kofia yake masikioni. Mama Dobi akawakusanya kuku, akawatanguliza mlangoni. Walitoka shingo upande. Walipofika uani walivua tena kabla hata mlango haujafungwa.

Tangu siku hiyo Mama Dobi hakufua. Alimwachia bintiye kazi, yeye akaweka kigoda kati ya feni na beseni bovu, akakaa, amejitandia shuka la maji. Shuka lilikuwa likikauka kabla hajalikaza mabegani. Analilowesha, linakauka. Bintiye alikuwa akichota maji na kupiga pasi, anapiga pasi na kuchota maji, na wateja walipokuja kuuliza nguo zao waliambiwa dobi yuko kivulini.

"Kivuli kiko wapi hapo?" mwalimu aliuliza.

"Ni yeye."

Mama Dobi alimnywesha Shangazi kwa kijiko. Alimpepea kwa mfuniko wa sufuria. Mchana mmoja, joto lilipokuwa kali hata jiwe la kufulia likawa halishikiki, aliinama akamsemesha chini chini, kama mtu anavyomsemesha mzazi mwenzake.

"Shoga yangu, vua. Vua upumue, mimi nitayashika haya hata kwa tumbo langu. Nimezaa, najua kufunika."

Shangazi alibana mabawa zaidi.

"Mkaidi wewe. Umemrithi bibi yangu."

Binti alileta maji mengine. "Mama, na wewe unahema."

"Nasikia."

"Mdomo wako uko wazi."

"Basi nitazame vizuri. Nikianza kuvua, utie uzi."

Shangazi alikufa siku iliyofuata, mchana, ameketi vilevile. Hakuanguka. Mama Dobi alikuwa amegeuka kulowesha shuka, na alipomrudishia macho koo lilikuwa limeacha kupiga. Alisubiri. Akaweka kidole chini ya bawa. Mayai yalikuwa ya moto, kama yalivyokuwa asubuhi.

Hakulia hapo hapo. Alimwinua taratibu, akambeba ndani ya lile shuka hadi kwenye kona ya ua penye udongo laini, akachimba mwenyewe kwa jembe fupi. Kuku wengine walikuja wakasimama. Walikuwa uchi wote, nao wakaona haifai. Walirudi kwenye kamba kwenye joto lile, wakavaa, wakaja tena. Mjomba alisimama mbele. Walipokwisha, walivua, na hapo ndipo Mama Dobi alipolia.

Yale mayai aliyarudia jioni, akijua yamekwisha poa, akitaka kuyatoa beseni liwe tupu. Hayakuwa yamepoa. Feni ilikuwa inayapulizia mfululizo, joto la juu linashuka ukutani, linaingia kwenye beseni bovu na kukaa, kiasi kile kile cha tumbo la kuku. Alilishika moja shavuni. Ndani kulikuwa na kitu kinagonga.

Basi akawa anayageuza asubuhi na jioni kama Shangazi alivyokuwa akiyageuza, na kuyanyunyizia maji kidogo kwa vidole. Kazi nyingine yote ilifanywa na feni ile ile.

Vifaranga walianguliwa kwa pamoja, kasoro yai moja lililokuwa bovu tangu mwanzo. Wote walikuwa vishingo. Walipokauka, binti aliwachukua kiganjani kuwatazama, akaita.

"Mama. Njoo uone. Wana vifungo."

Walikuwa navyo kweli. Chini ya ile shingo tupu, kifuani, katika mstari ulionyooka hadi tumboni, kila kifaranga alikuwa na vifungo vidogo vyeusi, na upande wa pili matundu yake. Mama Dobi alivaa miwani, akakijaribu kimoja kwa ukucha. Kilifunguka na kufungika bila taabu. Vilikuwa vimeshonwa imara, kwa uzi ambao yeye asingeweza kuupata dukani.

"Hawa hawatasumbuka na kichwa kukwama," alisema.

Ukoo ulikuwa umepona, na alijua imempasa afurahi. Alifurahi. Aliwachanganyia pumba laini na maji, akachuchumaa, akagonga chini kwa kidole kama kuku mwenye vifaranga anavyogonga kwa mdomo, akaita. Hawakuja. Walimtazama, wakageuka, wakakimbia kwa pamoja kwenye ukuta wa nyuma. Pale walijibanza mguuni pa ukuta, chini ya feni, wakapiga kelele zile nyembamba ambazo kifaranga humpigia mama yake tu.

Bwana Baridi alisikia habari, akaja mwenyewe kuona. Alisimama mlangoni mwa ua na mikono nyuma.

"Kumbe! Feni yangu imekuangulia, mama."

"Imeangua."

"Ukaniambia niigeuze." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyesamehe. "Ningeigeuza, leo ungekuwa huna hata mmoja."

Binti alifungua kinywa, Mama Dobi akamkanyaga mguu. Palikuwa na jibu, na lilikuwa limelala konani chini ya udongo laini, lakini Bwana Baridi alikuwa ameshaanza kuwaita wateja wake waje kuona vifungo.

Wiki hiyo hiyo, asubuhi moja, feni ilizimwa. Mafundi walikuwa wamekuja kuisafisha. Ua ulinyamaza. Hewa ya kawaida iliingia, na mashuka yakaning'inia yamelowa, yanadondosha maji, kama mashuka ya watu wengine. Kidimu alitoka chini ya kamba bila kuvua. Mjomba alipanda juu ya jiwe la kufulia akawika, mara ya kwanza tangu msimu uanze, akashangilia sauti yake, akawika tena. Binti aliweka pasi chini, akafumba macho, akaacha upepo umpitie shingoni.

Vifaranga walikuwa wanalia. Walikuwa wameangalia juu, wamefunga vifungo vyote hadi cha mwisho, wanatetemeka wamelaliana. Mama Dobi aliwaletea pumba, hawakugusa. Aliwakusanya kifuani, ndani ya gauni, wakamchomoka wakarudi ukutani. Aliwafunika kwa kikapu, wakalia ndani ya kikapu. Mmoja, mdogo kuliko wote, aliacha kulia akalala ubavu.

"Niwashe jiko la mkaa tuliweke karibu?" binti aliuliza.

"Nimekwisha kuwawekea. Hawalijui."

Alijifuta mikono kwenye gauni. Alitazama ua uliokuwa umepoa, na bintiye aliyekuwa bado hajafungua macho vizuri, na Mjomba juu ya jiwe. Kisha akatoka, akazunguka hadi lango la stoo, akamkuta Bwana Baridi amesimama na mafundi chini ya ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kukuomba uiwashe."

Bwana Baridi alitabasamu kwa wema. "Karibu tunamaliza. Na tena nina habari nzuri: tunaongeza ya pili, kando ya hii."

"Asante," alisema Mama Dobi.

Aliporudi, ilikuwa imeshawaka. Joto lilikuwa limejaa ua kama lilivyokuwa, binti amechukua pasi yake, Kidimu ameinamisha kichwa chini ya kamba. Mguuni pa ukuta vifaranga walikuwa wamenyamaza. Walikuwa wanafungua vifungo, kimoja kimoja kuanzia juu, na yule mdogo alikuwa ameshainuka. Walivua, wakavilaza vivazi vyao kando vizuri, wakajipanga kumwelekea mama yao juu ukutani, mabawa wameyatanua, midomo wazi.